Maji Yapindapo Mwanga

Mwaka ule Sikujua alipolingana umri na mama yake, aliacha kuuamini uso wake mwenyewe.

Mji wao ulikuwa umelizunguka ziwa, lakini halikuwa ziwa walilorithi kwa mababu. Lilikuja. Asubuhi moja, Sikujua akiwa bado msichana wa kubebeshwa mdogo wake mgongoni, maji yalipanda kutoka ardhini kimyakimya, kama maziwa yanavyopanda chunguni mpishi akigeuza shingo. Hayakuvunja ukuta wala kung'oa mlango. Yalipanda tu, yakaumeza mtaa wa bondeni na watu wake waliokuwa wakifagia nyua, wakisukana nywele, wakinong'onezana ugomvi wa jana, kisha yakatulia. Chausiku, mama yao, alikuwa ameteremka huko kuomba moto kwa jirani. Alikuwa amewaacha wanawe mlimani na kumwambia Sikujua, "Mshike mdogo wako, narudi sasa hivi." Sikujua akamshika. Alimshika mpaka akaota meno, akaota ndevu, akawa Zamoyoni fundi mwashi, mtu wa kifua kipana na maneno machache.

Waliomezwa hawakufa. Hilo ndilo lililowasumbua waliobaki, kwani mtu akifa unalia, unaanua tanga, unaendelea. Hawa walionekana. Jua lilipokuwa juu, ungeweza kukaa ukingoni na kuwaona chini kule, katika ule mtaa wao wa kijani, wakitembea polepole mno. Mwanamke aliyeinua ufagio mwaka Zamoyoni alipoanza kutambaa alikuwa hajaushusha bado. Watu wa mji walipojiuliza kwa nini, walijijibu hivi: mwanga hewani hukimbia kama mtu asiye na mzigo, ukiingia majini hutembea kama aliyejitwika mtungi, na ndani ya kioo huenda kama aliyejitwika mtungi na kubeba mtoto juu yake. Na kila kinachoishi kwa mwanga huo hujifunza mwendo wake. Basi huku juu watu walizeeka kwa kasi ya hewa, na kule chini wapendwa wao walikuwa bado kwenye asubuhi ileile.

Miaka ya mwanzo watu walipiga mbizi. Baba alimwona mwanawe pale, akajirusha palepale alipomwona, akaibuka na konzi ya mchanga. Mke alimwona mumewe, akajirusha, mchanga. Wakarudia, mchanga. Mwisho Mwenye Mji alitoa tangazo kwamba mule majini hamna watu. "Mnaviona vivuli vyenu," mpiga mbiu alitangaza sokoni, "na mnajililia wenyewe." Wengi waliafiki, maana ni afadhali kuambiwa huna kitu kuliko kuwa nacho kisishikike. Mwaka huu wa kisa chetu ikapitishwa amri nyingine, kwamba ziwa lifunikwe lote kwa mabamba ya mawe, watu wapate kufanya kazi zao bila kuchungulia. Zamoyoni alipewa kuisimamia kazi hiyo. Nguzo zilikwisha simikwa, mabamba yakawa yanalazwa kutoka ng'ambo kuja upande huu, na kila siku kipande cha maji kilichobaki wazi kilipungua.

Sikujua alisokota kamba za katani, na mikono yake ilikuwa migumu kuliko ya ndugu yake. Kila adhuhuri aliacha kazi akashuka ukingoni. Mama yake alikuwa amesimama mahali pamoja, mkono kiunoni, akiwa kama mtu anayefikiri pa kwenda. Utotoni Sikujua alimwangalia kama mtoto amwangaliavyo mama. Alipovunja ungo akamwangalia kama dada mkubwa. Sasa, mwaka huu, aliinama juu ya maji na moyo ukamlipuka: hakujua tena ni nani aliyekuwa akitazamana naye. Mashavu yaleyale. Mkunjo uleule katikati ya nyusi.

Ni mimi? Au ni yeye? Ikiwa ni mimi, basi nimeishi miaka yote hii nikijingoja mwenyewe. Ikiwa ni yeye, mbona anapepesa macho nikipepesa? Labda mtoto ni mama aliyecheleweshwa njiani. Labda kila mtu ni mwanga uliotoka kwa mtu mwingine, ukapita katika kitu kizito, ukafika umechoka na umesahau ulikotoka. Maji, nijibuni. Lakini maji hayajibu. Maji huonyesha, halafu hukuachia kazi.

"Dada, ondoka hapo. Tunaleta bamba."

Zamoyoni alikuwa amesimama nyuma yake, mtaimbo begani, vumbi la mawe kwenye kope.

"Njoo uone," Sikujua alisema.

"Nimeshaona. Kila siku naona. Ni wewe."

"Njoo uinamie hapa kwanza."

Akaja, si kwa kutaka. Akainama, akaona uso wake wenye ndevu na anga nyuma yake. Akanyanyuka.

"Mimi huyo. Sasa nimeona, turudi kazini."

"Umetazama uso wa maji, Zamo. Sikukwambia uso wa maji, nimekwambia ndani." Aliushika mkono wake kumzuia. "Subiri. Nitainua mkono, wewe utazame."

Akainua mkono wa kulia. Kivuli chake majini kikainua mkono pamoja naye, bila kuchelewa. Na chini ya kivuli hicho, kama shuka ya pili inayoonekana chini ya ile nyembamba ya juu, mwanamke mwingine alibaki amesimama na mkono wake kiunoni, hakuinua kitu.

Kumbe walikuwa wawili siku zote, mmoja juu ya mwingine. Maji yalikuwa yakifanya kazi mbili kwa wakati mmoja: yakimrudishia uso wake, na yakimletea wa mama. Waliosema ni vivuli walisema kweli. Waliosema ni watu nao walisema kweli. Kosa lilikuwa kudhani kwamba ukweli ukishafika mmoja, hufunga mlango nyuma yake.

"Umeona?"

Zamoyoni alijinyoosha. "Nimeona kitu," alisema. "Lakini mimi simjui huyo mtu. Hata angekuwa yeye, mimi simjui. Mama yangu mimi ni wewe. Wewe ndiye uliyenitafunia chakula. Sasa unataka nimpende mwanamke wa majini aliyetuacha akaenda kuomba moto?"

"Hakutuacha. Yuko njiani."

"Njiani miaka yote hii?"

"Kwake ni asubuhi ileile."

Zamoyoni, kwa kutaka kuyaacha mazungumzo, akaushusha mtaimbo begani, akautumbukiza majini kwa mshazari ili apime kina cha mahali pa nguzo inayofuata. Na mtaimbo ukavunjika.

Haukuvunjika. Ulionekana umevunjika palepale ulipokutana na maji, nusu ya chini ikiwa imeinuliwa kidogo, kama mguu wa mtu aliyejikwaa. Zamoyoni alikuwa ameliona jambo hilo mara nyingi asilijali. Macho ya mwashi hutazama yaliyo juu ya maji. Lakini Sikujua alipiga magoti, akatia mkono majini, akaupapasa ule mtaimbo kutoka juu kwenda chini. Ulikuwa umenyooka. Mkono ulisema umenyooka. Jicho lilisema umevunjika. Akarudia tena, kwa kuwa si jambo dogo viungo viwili vya mwili mmoja kutoa ushahidi tofauti.

"Uache hivyo hivyo, usiutoe," alimwambia ndugu yake.

Akavua bangili yake ya shaba, akaitupa akilenga miguu ya mama yake, pale hasa alipoiona. Bangili ikazama ikimeta, ikaenda kuangukia nyuma ya mama, mbali, kwenye mchanga mtupu.

Hapo akaelewa. Akakaa chini.

"Nini?" Zamoyoni aliuliza. "Dada, nini?"

"Mwanga ukitoka majini unapinda. Haufiki kwetu kwa njia iliyonyooka. Jicho halijui hilo, linadhani umenyooka, linakwenda kuwatafuta huko mbele. Kila aliyeruka aliwaruka. Hawako pale tunapowaona, Zamo. Wako chini zaidi." Akagusa mwamba chini yao. "Na karibu nasi zaidi."

Zamoyoni aliutazama mtaimbo wake, kisha akautoa polepole. Ulitoka mzima. Akaurudisha, ukavunjika. Akautoa. Hakusema kwamba ameamini, ila siku ile aliwaambia vibarua wapumzike mapema.

Sikujua alikwenda kwa Mwenye Mji kuomba bamba la mwisho lisubiri. Mwenye Mji aliishi katika nyumba ya kioo kinene mlimani, kioo kilichotumbukia hapa na kuvimba pale, na wapita njia walimwona kupitia humo akiwa mkubwa kama mlima, kidole chake kama shina la mti, jicho lake limeujaza ukuta mzima. Watu walikuwa wakishusha sauti kwa kuliona tu jicho lile. Sikujua pia alishusha macho mpaka alipofika mlangoni. Lakini mlango ulipofunguliwa na akaingia, ndani alikuta bwana mfupi mwenye shati lililolowa jasho, amekaa kwenye mkeka, kwa sababu nyumba ya kioo ni joto.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Keti. Usishangae, kila aingiaye hushangaa." Alimmiminia maji ya kunywa yeye mwenyewe. "Na mimi nikiwatazama ninyi kutoka humu, mnakuwa wadogo kama punje za mtama. Ukikaa sana humu unaanza kuamini."

Sikujua alimweleza habari ya mtaimbo na bangili. Bwana yule alisikiliza akiwa ameuinamia mkeka.

"Unaomba nichelewe," alisema.

"Siku chache tu, bwana."

"Mimi binti yangu yuko humo." Alisema bila kupandisha wala kushusha sauti. "Alikuwa ananifuata kila niendako. Nimezama kumtafuta mpaka mapafu yakataka kupasuka. Mchanga. Nikajenga nyumba hii ili nisilione ziwa kama lilivyo. Humu huonekana kama doa. Bado naliona. Unafikiri nalifunika kwa ukatili, mama? Nalifunika kwa sababu siwezi kuendelea kuwa baba wa kitu ninachokiona nisikishike."

"Nami nimekuja kukwambia kwamba hushiki kwa sababu unanyoosha mkono mbali."

Bwana yule akatikisa kichwa. "Kesho kazi inakwisha. Sitaibadilisha amri. Lakini amri ilisema kufunika. Haikusema lolote juu ya mtu kuzama kabla ya kufunikwa."

Siku iliyofuata, jua likipanda, Sikujua alishuka ukingoni na kamba aliyoisokota kwa mikono yake, nene, nyuzi tatu. Maji yaliyobaki wazi hayakuzidi ukubwa wa ua wa nyumba. Alijifunga kiunoni, ncha ya pili akampa Zamoyoni.

"Usipotoka?" aliuliza.

"Utavuta."

"Nikivuta kamba tupu?"

"Utakuwa umeambulia mchanga kama wenzako, na utarudi kulaza mabamba." Akamshika kidevu kama alipokuwa mdogo. "Lakini hutavuta kamba tupu."

Waliokuwa wamekuja kutazama walitegemea ataruka mbali, kule katikati ambako mwanamke mwenye mkono kiunoni alionekana. Hakuruka. Aliteremka taratibu mwambani, chini ya nyayo zao wenyewe, mahali ambapo kwa miaka yote walikaa na kulia na kuning'iniza miguu. Maji yakamfunika.

Alifumba macho. Alikuwa ameamua hivyo mapema: macho yamemleta mpaka hapa, sasa auachie kazi mkono, usiodanganywa na mwanga. Akashuka kwa kupapasa jiwe, mkono baada ya mkono, na pumzi yake, iliyostahili kwisha, haikuisha, kwa kuwa nayo ilikwisha jifunza mwendo wa mule ndani. Akashuka chini kuliko alivyodhani. Akashuka tena. Kisha vidole vyake vikagusa kitambaa, na ndani ya kitambaa, bega la mtu, lenye joto.

Akafumbua macho. Kwa kamba ile alikuwa ameteremka na mwendo wa hewani, na kwa vidole vyake mwendo huo ukamfikia mama.

Chausiku alimtazama bila mshangao. Alikuwa amemdhania kivuli chake. Na Sikujua, akigeuka kufuata macho ya mama yake, ndipo alipoona kilichowafanya watu wa chini wasipande kamwe. Kutoka kule, uso wa maji ulikuwa kioo. Ukitazama kwa upande, popote pale, uliona mtaa uleule umening'inia juu chini, nyua zilezile, nyuso zilezile. Watu walidhani dunia imeishia hapo, na kwamba juu yao kuna wao tu. Ila ukiinua uso moja kwa moja, palikuwa na duara moja la nuru, si kubwa, na ndani ya duara hilo anga lote lilikuwa limekunjwa likatoshea: jua, mawingu, kilima, mabamba ya mawe, na kuzunguka ukingo wake, kama punje pembeni mwa sahani, watu wadogo wakiwa wameinama, wakitazama chini kwa mapenzi. Walikuwa wakitazamwa hivyo siku zote. Hakuna aliyewaambia wainue shingo.

Na lile duara lilikuwa linaliwa. Upande mmoja, bamba jipya lilianza kusogea.

Sikujua alinyoosha mkono wa kulia. Mama yake naye akanyoosha wake, kwa mazoea, kama watu wafanyavyo mbele ya kioo. Viganja vikakutana. Kioo ni baridi. Kiganja hiki kilikuwa na sugu za katani, kilikuwa na joto, na kikamshika. Chausiku akashtuka. Macho yake yakapita kwenye uso ule mara ya pili, taratibu, yakatafuta, yakaenda kwenye alama ndogo ya moto karibu na sikio ambayo yeye mwenyewe hakuwa nayo, bali aliiuguza kwa mtoto wake mwaka mmoja kabla ya maji. Mdomo wake ukafunguka. Sikujua akamwekea kidole chini ya kidevu, akauinua uso wake ukatazama juu.

Akaitikisa kamba.

Juu, Zamoyoni alivuta. Kamba ikaja kidogo, ikakwama. Akavuta tena, mishipa ikamtoka shingoni. "Ni nzito," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa na hofu ya mtu mwenye kitu cha kupoteza. "Liacheni hilo bamba. Nawaambia liacheni." Vibarua wakaliacha. Mtu mmoja akaishika kamba nyuma yake, bwana mfupi mwenye shati lililolowa jasho. Hakuna aliyemtambua, nje ya kioo alikuwa na ukubwa wa watu. Wakavuta wawili. Wakavuta na wengine.

Sikujua alitokeza kwanza, akikohoa, mkono mmoja ukiwa bado umeachwa ndani ya maji. Hakukubali kupanda mpaka mkono ule ulipotoka, na uliotoka nao ukawa mkono unaofanana na wake kama pacha. Wakaketi wote wawili juu ya jabali, wakichuruzika, na waliokuwepo hawakujua yupi mama yupi mtoto.

Chausiku alikinga macho. Mwanga wa hewani ulikuwa mwepesi kupita kiasi. Kila kitu kilimjia kabla hajakiita. Alipozoea, alimtazama Sikujua, akampapasa ile alama karibu na sikio.

"Umekuwa mkubwa," alisema. "Nimekawia, mwanangu?"

"Umekawia kidogo, mama."

"Na mtoto? Nilikuachia mtoto."

Sikujua alimgeukia ndugu yake. Zamoyoni alikuwa amesimama na kamba mikononi, ndevu zimejaa vumbi, mkubwa kuliko wote pale, hajui aweke wapi macho. Alikuwa amejiandalia maneno makali ya kumwambia mwanamke huyu, maneno ya miaka mingi, na sasa aliyatafuta asiyaone.

"Ni mimi," alisema.

Chausiku alisimama kwa shida, akamwendea. Alikuwa mfupi kumliko. Ilibidi anyanyuke kwa vidole vya miguu ili amfikie uso, akamfuta vumbi kwenye kope kwa ncha ya kanga iliyolowa, kope moja kisha ya pili, kama amfutavyo mtoto aliyeamka. Zamoyoni aliinama ili amrahisishie kazi, akabaki ameinama hata alipokwisha.

"Shikamoo, mama," alisema pale chini.

"Marahaba, baba." Kisha akaitazama kamba iliyokuwa imelegea mkononi mwake, akakunja uso. "Mbona umelegeza? Ishikeni. Nyuma yangu kuna watu. Nilipoinua uso na wao wakainua. Jirani alinishika upindo, naye ameshikwa, na huyo naye ameshikwa. Sijui wako wangapi."

Wakageuka wote. Ile kamba, ambayo Sikujua alikuwa keshaifungua kiunoni na ncha yake ikarudi majini mikononi mwa jirani, haikuwa imelala. Ilikuwa imekazana ikiingia majini, na maji kuizunguka yalikuwa yakitetemeka.

Bwana mfupi ndiye aliyeishika wa kwanza. Zamoyoni akakita miguu. Sikujua akaingia nyuma yake, na nyuma ya Sikujua wakajipanga vibarua, wachuuzi wa sokoni, na wale waliokuwa wamekuja kutazama tu. Chausiku akaifunga kanga yake kiunoni, akashika mbele ya mwanawe.

Uso wa maji ukafunguka, ukatoka mkono. Haukuwa mkono wa mtu yeyote waliyemfahamu. Wakaukimbilia wote.